Vidonge vya Mpishi wa Sukari

Umewahi kumcheka mtu mnene mbele za watu, kisha ukarudi nyumbani ukala sahani mbili za wali? Usinijibu mimi. Nauliza kwa sababu nimeona kanisa zima likifanya hivyo, na aliyechekwa ni mjomba wangu, mtu ambaye hajawahi kumnyima mwenzake kikombe cha chai.

Anaitwa Kassian. Wazazi wake walishuka kutoka upande wa Mahenge kutafuta mashamba ya mpunga bondeni, naye akazaliwa huku kwetu, chini ya milima ya Udzungwa, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Kisawasawa. Ndevu hazijaota alikwenda kiwanda cha sukari upande wa Kidatu kuomba kazi ya kukata miwa. Hakukata muda mrefu. Alikuwa na mabega mapana na utulivu wa ajabu, wakamwingiza ndani, kwenye vyungu vikubwa ambamo maji ya miwa huchemshwa mpaka yageuke chembe. Anayesimamia vyungu hivyo huitwa mpishi wa sukari. Mpishi huchota uji kidogo, huupaka kwenye kipande cha kioo, huuinua kwenye mwanga aone chembe zimefikia wapi. Mjomba alikuwa anaongeza na lake: analamba. Hakuna aliyemtuma kulamba.

"Macho yanadanganya," alikuwa akisema. "Ulimi hauna siasa."

Alifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu, na hata leo mtaani hakuna anayemwita Kassian. Ni Mpishi. Mtaa wetu una wastaafu wengi wa kiwanda: Wangoni, Wahehe, Wasukuma, Wapogoro, Waislamu na Wakristo, watu waliokuja kwa ajili ya miwa na miwa ikawazeesha. Jumapili baada ya misa hukutana kibarazani kwa Mzee Beno, ambaye alikuwa kwenye mashine za kusaga miwa. Hapo birika moja kubwa huchemshwa, na mwenye haki ya kutia sukari ni Mpishi peke yake. Anatia, anakoroga, anaonja, wote wananyamaza wakimtazama, kisha anasema, "Imeiva," ndipo vikombe vinasogezwa. Ni chai ya kugandisha midomo. Ukiomba isiyo na sukari, watakuuliza kama umegombana nao. Kwa watu hawa sukari ni jasho lao, na kukataa jasho la mtu si jambo dogo.

Mwili wa mjomba nao ulikuwa jasho la watu wengi. Kila harusi alipewa sinia la peke yake. Kila msiba walimchotea ukoko wa wali kutoka chini ya sufuria kwa sababu walijua anaupenda. "Baba ana mwili," walisema wanawake, na ilikuwa sifa. Na kwa ajili ya mwili huo huo alipewa msalaba.

Hapa inabidi nieleze. Ijumaa Kuu, parokia yetu hufanya Njia ya Msalaba kwenye kilima kilicho nyuma ya kanisa. Msalaba wenyewe ni wa mninga, mzito, umechongwa na mafundi wa zamani ambao nadhani hawakufikiria kwamba kuna mtu atakayeubeba. Tangu ujana wake aliubeba mjomba, kituo kwa kituo, mpaka kileleni, wakati wengine wanapokezana kuimba. Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hakuwahi kusoma somo kanisani. Msalaba ndio uliokuwa nafasi yake mbele za Mungu na mbele ya watu.

Mwaka jana alikaa chini. Walikuwa wamefika kituo cha tano, pale Simoni wa Kirene anapomsaidia Yesu. Mjomba aliuweka msalaba chini, akakaa juu ya jiwe, na hakuinuka. Anselim, kijana wa bodaboda mwenye mwili kama kamba ya katani, akauchukua akapanda nao. Jioni hiyo hiyo vijana walikwishampa mjomba jina jipya. Akipita, mmoja anakohoa, mwingine anasema kwa sauti ya katekista, "Kituo cha Tano!" Wanacheka. Mzee wa watu anatabasamu na kuendelea na safari yake, na wewe unayemjua unaona shingo yake ilivyoinama.

Mwaka huu alikuwa na nia moja tu: aubebe msalaba mpaka juu, watu wauone mgongo wake ukienda.

Mwezi mmoja kabla ya Kwaresima nilimsindikiza Ifakara hospitali kwa sababu ya magoti na pumzi. Daktari, mwenye foleni iliyofika nje, alimpima, akasema kisukari hana, presha iko juu kidogo, mwili ni mkubwa mno. "Punguza uzito, mzee. Anza na sukari." Akaita mgonjwa mwingine. Neno "anza" ndilo lililobaki hospitali. Tulilotoka nalo ni "sukari".

Karibu na standi tuliingia duka la dawa. Binti wa dukani alisikiliza shida, akatoa kichupa kidogo cha plastiki chenye kitufe. Ukikibonyeza kinadondosha kidonge cheupe kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hii, mzee wangu, ni utamu mtupu," akasema. "Haina kitu ndani. Utakunywa chai yako kama kawaida na mwili utakuta unajipungukia wenyewe."

"Kama kawaida?" mjomba akauliza.

"Kama kawaida."

Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile tangu nizaliwe. Kwenye kichupa palikuwa na picha ya kiuno chembamba cha mwanamke. Mimi nilisoma lishe chuoni, nikaanza kuhutubia pale pale dukani. Mjomba akanishika bega. "Clinton, wewe soma. Mimi ninywe."

Basi niwahutubie ninyi. Vidonge hivyo si sumu. Mgonjwa wa kisukari vinaweza kumsaidia asiachane na chai yake. Lakini anayetaka kupungua uzito ana habari nyingine. Tafiti za miezi michache zinaonyesha kwamba anayeacha sukari akatumia vidonge hupungua kidogo. Zile zinazofuatilia watu kwa miaka hazikuonyesha faida hiyo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee kwa kupunguza uzito. Sababu bado wataalamu wanabishania. Wapo wanaosema ulimi ukishatangaza kwamba utamu unakuja, na tumbo likangoja lisipokee kitu, mwili unabaki unadai. Wengine wanasema shida iko kichwani: mtu akiokoa kijiko cha sukari asubuhi anajizawadia chapati tatu mchana. Wanaweza kuendelea kubishana. Mimi nilimwona mjomba akifanya yote mawili katika kikao kimoja.

Kwaresima ilipoanza aliweka nadhiri ya kutogusa sukari mpaka Pasaka, nadhiri ambayo nje ya nyumba yake hakuitangaza. Aliona amepiga ndege wawili kwa jiwe moja, nadhiri na uzito. Alidondosha kidonge kimoja kwenye kikombe, akaona hakitoshi ulimi wa mpishi, akadondosha vinne. Kwa kuwa chai hiyo "haina kitu", akainywa asubuhi, akainywa akitoka shamba, akainywa akimsubiri mtu, akainywa mtu huyo alipofika. Na chai, kama mnavyojua, haiendi peke yake. Kitafunwa chake kilikuwa vitumbua.

"Mjomba, vitumbua vina sukari," nilimwambia.

"Hivi?" Alikigeuza kitumbua kama mtu anayekagua pasi ya kusafiria. "Hivi ni mchele. Mchele si sukari. Mchele ni chakula."

Mwambie nini mtu wa bonde la Kilombero kuhusu mchele? Kwetu mtu akila ugali na maharage kutwa nzima, jioni anasema hajala. Siku za kufunga mjomba alikuwa anashinda na chai yake ya vidonge, njaa inalala kidogo, kisha inaamka na wenzake. Jioni anakula wali na kambale mpaka sinia linaonyesha maua yake, halafu anaulizia ukoko. Zamani alikuwa akishiba. Wakati huu alikuwa anaacha kula kwa sababu chakula kimekwisha.

Na vyote hivyo alivifanya kwa siri, maana vidonge vile vilikuwa aibu kuliko unene. Kibarazani kwa Beno alijimiminia kikombe chake kwanza kabla hajatia sukari kwenye birika, akageukia ukutani, akabonyeza kichupa chini ya kiganja. Mtu aliyepikia sukari nusu ya nchi, anageukia ukutani kama mwizi wa kuku! Kisha anawageukia wenzake, anatia sukari yao, anaonja kwa ncha ya ulimi, anatema pembeni kwa kisingizio cha jani la chai. "Imeiva."

Aliyegundua mapema kwamba kuna jambo ni mkewe, Febronia. Siku moja nimekaa kwao, akaja na kopo la sukari, akaliweka mezani kwa kishindo.

"Baba Dativa," akasema. Dativa ni binti yao wa kwanza. "Hili kopo mbona halipungui?"

"Si ufurahi?"

"Nifurahi nini? Mwanaume anayekunywa chai kama wewe, kopo likae limejaa tangu Jumatano ya Majivu? Chai unakunywa kwa nani?"

"Nakunywa hapa hapa, mbele ya macho yako."

"Hapa unakunywa chungu, kwa sababu ya nadhiri. Nauliza ile tamu unakunywa kwa nani? Kwa Mama Getrude?"

Mama Getrude ni mjane anayeuza chai na mihogo barabarani. Mjomba alinitazama mimi. Nami nilitazama dari. Kichupa kilikuwa mfukoni mwa shati lake, vidole viwili juu ya moyo, na hakukitoa. Afadhali mke amdhanie uzinzi kuliko ajue kwamba Mpishi anakunywa sukari ya bandia. Huo ndio uzito wa aibu, ndugu msomaji, na hakuna mzani wa hospitali unaoupima.

Mzani tuliukuta zahanati, wiki ya Matawi. Muuguzi, Careen, alimwomba apande. Mshale ukasogea, lakini ukasogea mbele.

"Mzee, umeongezeka."

"Viatu," mjomba akasema. Akavua viatu. Ikawa ile ile. Akavua mkanda. Akatoa simu. Akatoa rozari mfukoni, akanipa niishike. Careen aliuma mdomo asicheke.

"Mzani wenu mbovu, binti yangu."

"Labda, mzee," Careen akamjibu kwa upole.

Nje alisimama kwenye jua bila kuvaa mkanda. "Mbona nimeacha, Clinton? Nimeacha kweli. Hata punje sijagusa."

"Umeacha sukari, mjomba. Utamu hujauacha. Ulimi bado unaudai, na tumbo linalipa."

Alitia mkanda kwenye tundu la mwisho. "Msalaba nitaubeba hivi hivi," akasema.

Kisha ikafika Alhamisi Kuu. Paroko huwaosha miguu wazee kumi na wawili, na mjomba alikuwa mmoja wao. Walikaa kwenye viti mbele ya altare, jua la jioni likiingia kwa madirisha ya upande, kanisa limejaa mpaka milangoni. Kila mzee alitakiwa avue kiatu na soksi ya mguu wa kulia kabla padri hajafika. Kitu cha kawaida kabisa, kama unaweza kuufikia mguu wako.

Mjomba hakuweza. Nyumbani kwa miezi mingi Febronia ndiye aliyekuwa akimvisha soksi, nasi hatukujua. Aliinama mara ya kwanza, akarudi. Akavuta pumzi, akainama tena, tumbo likamkatalia katikati. Kola ilimbana, uso ukawa mweusi kwa damu, na padri alikuwa amebakiza wazee wawili. Akajitupa mbele kwa mara ya tatu, na kichupa kikachomoka mfukoni.

Kiligonga sakafu, kifuniko kikaruka. Vidonge vikatawanyika kwenye vigae kama mchele uliomwagika mashineni, vingine vikaingia beseni la maji ya kuoshea miguu.

Padri aliviona. Alipiga magoti mbele ya mjomba, akamfungua kamba za kiatu, akamvua soksi kwa mikono yake mwenyewe, akaosha ule mguu uliovimba. Tendo jema, na hakuna lililomuumiza mjomba zaidi ya hilo, maana kwa wengine wote padri alikuta mguu umekwishavuliwa. Kwenye benchi la vijana mtu akakohoa. Mwingine akanong'ona lile jina. Kicheko kikapita benchi kwa benchi, cha chinichini, cha watu walioziba midomo kwa vitenge na vitabu vya nyimbo, siku ambayo tunakumbuka upendo.

Mimi nilitazama viatu vyangu. Niliona aibu kuwa mpwa wake. Na nilipotambua ni kitu gani hasa ninachokionea aibu, nilitamani sakafu ifunguke.

Nje, baada ya ibada, watu hawakuondoka. Walijifanya wanangojana. Mama Justa, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mwanamke wa moyo mwema na sauti ya kengele, alimfuata mjomba akamwekea mkono begani.

"Baba Dativa, usijifiche. Siku hizi si kama zamani. Mtu anameza dawa zake kwa wakati, anaishi, anawaona wajukuu. Wapo wengi tu humu humu."

Mjomba hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa: walidhani ni dawa za UKIMWI. Aliangalia pande zote: watu walikuwa wamenyamaza kwa huruma, hata wale vijana. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Angenyamaza tu, angeondoka pale na heshima ya mgonjwa, na labda jina la Kituo cha Tano lingekufa jioni ile. Lakini Febronia alikuwa amesimama kando, midomo imekauka, naye alikuwa anafikiria kopo la sukari na Mama Getrude.

"Si dawa," mjomba akasema.

"Sawa, baba, si lazima useme hapa."

"Nasema si dawa!" Sauti ilipanda. "Ni utamu. Vidonge vya utamu. Natia kwenye chai badala ya sukari, nipungue, niubebe msalaba."

Mzee Beno, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, akauliza taratibu, "Badala ya nini?"

"Ya sukari."

"Mpishi. Jumapili zote hizi, pale kwangu, unatutilia sisi, na wewe..."

"Ndiyo."

"Unakunywa chaki!" Beno akapaza sauti. "Jamani, sisi tumeacha mapafu kwenye majivu ya miwa, mpishi wetu anakunywa chaki!"

Hapo ndipo kilipotoka kicheko chenyewe, kile kilichokuwa kimezuiwa kanisani. Mtu akamuuliza kama amepungua. Mwingine akamjibu kwa niaba yake kwamba amepungua mfukoni. Na Febronia, kwa nafuu aliyoipata, aliangua kicheko kikubwa kuliko wote, machozi yanamtoka.

"Kumbe ndiyo maana kopo halipungui! Na mimi nimemvizia Mama Getrude wa watu kwaresima nzima!"

Hakukusudia ubaya. Alikuwa mwanamke aliyerudishiwa mume wake. Lakini watu walishikana mabega kwa kucheka, na mjomba alisimama katikati yao akiwa na kiatu kimoja hakijafungwa.

Katekista Fulgensi alijaribu kuwa na busara. "Kesho, Anselim, ukae karibu na msalaba. Kwa tahadhari tu."

"Nikae karibu au niubebe kabisa, katekista?" Anselim akasema. "Tusije tukafika Pasaka tuko kituo cha tano."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kuwaambia: kwamba hao hao ndio waliomjazia sinia miaka yote, wakausifu mwili huo walipokuwa na mzigo wa kuubebesha, kwamba hakuna hata mmoja aliyemfuata mwaka jana kumuuliza kwa nini alikaa. Mjomba akatikisa kichwa, akanizuia. Akaondoka peke yake, kamba ya kiatu ikiburuta vumbi.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, giza halijaingia. Febronia alikuwa amemwekea sahani ya vitumbua, na safari hii ilikuwa imejaa mpaka juu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakunitazama. "Unajua kwa nini nilikaa mwaka jana?"

"Magoti."

"Wote wanasema magoti. Magoti yalikuwa mazima. Ni pumzi. Nilisikia moyo unapiga mpaka kwenye meno, nikasema sasa nakufa, nakufa huku natoa jasho kama nguruwe, mbele ya watoto. Nikakaa. Nilipoona sifi, nikaona aibu kusimama." Alisogeza sahani kwa kidole. "Ukikaa kwa kufa, halafu usife, unawaambia nini watu?"

Akaendelea: "Miezi hii yote naona njaa ambayo sijawahi kuiona, Clinton. Hata nilipokuwa nakata miwa. Nikimaliza kunywa, mdomo mtamu, tumbo linauliza: kiko wapi? Nakula, linauliza tena. Nikadhani ni mimi, ni roho yangu ya ulafi. Nilikwenda hata kuungama."

"Si roho yako tu, mjomba."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia dukani."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Dukani ulihutubia." Febronia alitoka ndani, akakaa chini yake kwenye ngazi, akaanza kumfungua kile kiatu kingine. Alipomaliza aliinua ile sahani ya vitumbua akairudisha ndani. Mjomba aliifuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

Asubuhi yake, Ijumaa Kuu, tulikusanyika nyuma ya kanisa umande haujakauka. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani, na Anselim alikuwa pembeni yake amejifunga taulo begani, tayari. Watu walikuwa wanaangalia njia. Mjomba akaja na Febronia. Alivaa ndala, bila soksi.

Alikwenda moja kwa moja kwenye msalaba, akaweka kiganja juu ya mti. Kwaya ikanyamaza. Katekista Fulgensi akashika kitabu chake kwa mikono miwili.

"Bega la kulia linachubuka haraka," mjomba akamwambia Anselim. "Anza na la kushoto. Na usipige hatua ndefu pale kwenye mawe."

"Ahsante, mzee," Anselim akasema, akainama, mjomba akamwinulia ule mti akamlazia kwenye bega la kushoto.

Nilidhani atarudi nyumbani. Alianza kupanda. Kituo cha pili tulikuwa nyuma ya watu wote, yeye, Febronia na mimi. Kituo cha tatu tulikuwa tunasikia tu nyimbo. Alitembea kama anayepima kila hatua, anasimama, anashika kiuno, anaendelea. Kituo cha tano akakaa juu ya jiwe lile lile, na jua lilikuwa limekwishatoka mlimani.

"Turudi, mjomba," nikasema. "Umefika mbali."

"Niache nipumue."

Alipumua. Juu kule nyimbo zilifika mwisho wake, na baada ya muda watu wakaanza kushuka kwa njia ile ile nyembamba. Ndipo aliponyanyuka. Wote walikuwa wanateremka, naye anapanda kati yao, kila mtu inabidi ampishe, na hakumkwepa hata mmoja macho. "Shikamoo, mzee," vijana walisema, mmoja baada ya mwingine, wakibana kwenye majani. "Marahaba. Marahaba." Anselim alipita na taulo lenye damu begani, akamwamkia, asinyanyue uso. Hakuna aliyekohoa.

Mzee Beno alikuwa wa mwisho, na fimbo yake.

"Mpishi, huko juu kumeisha."

"Nakwenda kuangalia kama mmesahau kitu."

Beno alimtazama toka kwenye ndala mpaka kwenye jasho la shingoni. Akampa fimbo, akashuka akijishikilia kwenye miti.

Kileleni hapakuwa na mtu. Msalaba ulikuwa umesimikwa kwenye mawe. Mjomba aliufikia akiwa hawezi kusema, akauegemea kwa mkono mmoja, akakaa chini taratibu. Febronia alifungua chupa ya chai aliyoibeba kwenye kikapu, akammiminia. Mkono wa mjomba ukaenda wenyewe mfukoni mwa shati, ukakuta patupu, ukarudi.

Alionja. Uso mzima ukajikunja.

"Chungu," akasema.

"Ndivyo chai ilivyo," akasema Febronia.

Alilamba midomo, akakiinua kikombe usawa wa macho, akakitazama kwenye mwanga kama alivyokuwa akitazama kile kioo cha kiwandani. Kisha akanywa tena.